Mtaalamu na Nusu Iliyopotea

Alikuwa akisafisha masikio kwa kifuniko cha flashi. Akimaliza anakitazama, anakifuta kwenye suruali, anakirudisha mahali pake, kisha anakukabidhi flashi yenyewe uende ukaitumie. Ukiipokea kwa ncha za vidole anacheka.

"Unaogopa nta ya sikio, virusi huviogopi," anasema.

Ofisini kwetu Handeni tulimwita Mtaalamu. Jina lake halisi lilikuwa mlangoni, kwenye kibao, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Ofisi yetu ilihusika na mifugo. Watu walikuja kutafuta vibali vya kusafirisha ng'ombe, chanjo na maelekezo ya dawa. Mimi nilikuwa masijala, chumba cha majalada. Yeye alikabidhiwa kompyuta zote, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyezielewa, ni kama alikuwa amekabidhiwa hata sisi.

Nimefanya kazi naye miaka mingi, na bado nikimfikiria kitu cha kwanza kinachonijia ni vidole vyake. Alikuwa na vidole vinene, vifupi, vyenye mafuta wakati wote, kwa sababu alikula wakati wote. Alikula mihogo ya kukaanga juu ya kibodi yako. Alichukua chapati kwenye sahani ya mtu bila kuomba, akaikunja, akaiuma, akairudisha nusu yake. Ukienda kutumia mashine aliyotoka kuitengeneza, unakuta herufi zinateleza, na katikati ya vitufe kuna chembechembe za pilipili. Nilikuwa na kitambaa changu kwa kazi hiyo tu. Nilikifua kila Ijumaa na maji yalitoka meusi.

Na hakuomba kupishwa. Mashine yako ikiganda ukamwita, anakuja nyuma ya kiti, anakuinamia, anashika mausi huku mkono wako bado uko juu yake, na harufu ya vitunguu inakushukia shingoni. Sisi wanawake tulijifunza kusimama mara tunaposikia kandambili zake kwenye korido. Viatu vya heshima alivihifadhi chini ya meza na alivivaa mkuu wa ofisi anapomwita. Hapo pia alibadilisha sauti. Kwa mkuu alikuwa mpole kama bibi harusi.

Nywila zetu alizitunga yeye. Hakuruhusu mtu ajiwekee yake, alisema tutazisahau. Yangu ilikuwa neno la kawaida. Ya Zaina, mchapaji wetu, ilikuwa "kilaza". Zaina alikuwa binti wa watu wa mashamba ya mkonge kule Korogwe, mwenye mkataba wa muda, mpole kuliko inavyofaa. Kila asubuhi alipofika alivua mtandio, akakaa, akajiandikia kwamba yeye ni mjinga ili mashine ifunguke. Nikamwambia Mtaalamu aibadilishe.

"Neno rahisi, halisahauliki," akanijibu. "Ningemwekea gumu mngesema namwonea."

Zaina alisema niache. Alisema amezoea.

Kitu alichokichukia Mtaalamu ni apdeti, ile kazi ya kompyuta kujirekebisha na kuingiza programu mpya kupitia intaneti. Alizizima kwenye mashine zote. Kwa wageni alieleza kwamba apdeti ni mwizi aliyevaa suti, anaingia kwa adabu na kutoka na mafaili yako. Ukweli tuliujua. Bando la ofisi alilitumia kupakua mechi na maigizo, na apdeti zingelimaliza. Kwa hiyo mashine zilizeeka bila kuguswa, zikaanza kugoma, na zikishagoma anaziapdeti zote siku moja, siku yoyote aliyoamka nayo. Aliweza kuchagua siku ambayo baraza imejaa wafugaji waliotembea tangu alfajiri. Skrini zinakuwa za bluu, kale kaduara kanazunguka, na yeye anakaa katikati ya chumba na kikombe cha chai.

"Msiguse," anasema. "Ikiguswa inakufa."

Siku moja mzee wa Kimasai aliyekuwa akisubiri kibali tangu asubuhi alichungulia dirishani akauliza hiyo mashine inasubiri nini.

"Inasubiri mimi nimalize chai," akamjibu, na akaangalia huku na huku kuona nani anacheka. Wapo waliocheka. Mtu mwenye ufunguo wa kila mlango hakosi wa kumchekea.

Nikisema hayo tu nitakuwa sijamweleza kwa ukamilifu, maana alikuwa na jicho. Sijaona mtu aliyejua herufi kama yeye. Unaweza kuja na barua, yeye yuko mlangoni, na kabla hujamfikia anakuambia aya ya pili umeichapa kwa mwandiko mwingine. Miandiko hiyo ya kompyuta aliiita fonti, na alizungumza juu ya fonti kama mfugaji anavyozungumza juu ya ng'ombe, hii ina shingo ndefu, hii miguu mifupi, hii imekondeana. Ni yeye aliyenionyesha jinsi herufi mbili zikibanana zinavyoweza kusomeka kama moja, na neno likawa neno jingine. Hadi leo sisomi bango la duka bila kuona alichonifundisha, na inaniudhi kwamba nimefundishwa na yeye.

Jioni na mwisho wa juma alitengeneza kadi za harusi. Nusu ya harusi za Handeni na Korogwe zilipita kwenye kompyuta za ofisi yetu, kwa wino wa ofisi yetu, zenye mikia na maua kwenye kila herufi.

Na kulikuwa na mzee wa stoo ya dawa, ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa unamfunika macho taratibu. Mzee aliogopa sana kuonekana hafai kabla ya kustaafu. Mtaalamu alimkuzia maandishi kwenye mashine yake, akambadilishia rangi, akamchagulia fonti nene iliyo wazi. Kila apdeti ilipopita na kurudisha maandishi kuwa madogo, aliwahi asubuhi kabla ya wengine wote akayakuza tena. Mimi nilijua kwa sababu ufunguo wa mlango wa mbele ulikuwa kwangu. Alinikataza nisiseme.

"Akijua kuna anayejua, atakufa kwa aibu," aliniambia. Hakuwa anacheka.

Kwa muda mrefu jambo hilo lilinifanya nimsamehe mengi, mafuta, kandambili, hata ile nywila. Sasa linanifanya nimchukie zaidi. Alijua herufi moja ina uzito gani kwa mtu anayeihitaji. Kwa hiyo yaliyofuata siwezi kuyaita uzembe, ingawa yalianza kama uzembe.

Mwaka mmoja kupe walizidi, ikaletwa dawa mpya ya kuogeshea mifugo, kali kuliko ya zamani. Mkuu akaagiza tangazo lipelekwe vijijini. Zaina akalichapa. Mstari wenyewe ulisema: weka kifuniko ½ cha dawa kwa ndoo moja ya maji. Akalihakiki, mimi nikalihakiki, tukaona ni sawa, akalipeleka kwenye mashine iliyounganishwa na printa, iliyokuwa chumba cha Mtaalamu. Karatasi zilitoka rundo zima zikaondoka na pikipiki siku ileile. Hakuna aliyesoma upya kitu kilichokwisha kuhakikiwa.

Baada ya muda usio mrefu akaja bibi mmoja kutoka Sindeni. Alikuwa amejifunga kanga mbili na ameshika mfuko wa salfeti uliofungwa mdomo. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Akafungua mfuko pale pale mbele ya meza yangu. Ndani kulikuwa na mwanambuzi aliyekufa, ulimi nje, povu limekauka puani. Harufu ilijaa chumba. Mtaalamu alikuwa anapita na kipande cha muhogo. Akatazama, akaendelea kutafuna.

Bibi akatoa tangazo letu kifuani, akalikunjua.

"Hapa panasema kifuniko," alisema, kidole kikiwa juu ya neno. "Nimeweka kifuniko. Sasa naambiwa ilikuwa nusu. Nionyesheni hiyo nusu."

Nikaitazama karatasi. Weka kifuniko, kisha pengo, kisha cha dawa kwa ndoo moja ya maji. Nusu haikuwepo.

Mbuzi wake hawakuwa tatizo kubwa, ingawa walikufa wengi. Bibi huyu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, wajukuu wakimcheka. Karatasi ilipofika kijijini, majirani walimwita awasomee, kwa kuwa mwenyekiti hakuwepo. Aliwasomea kwa sauti. Waliogesha mbuzi kama alivyosoma. Sasa majirani walikuwa wanasema bibi hajui kusoma, anajifanya, na kwa kujifanya kwake mazizi yamekuwa matupu.

"Sikuja kudai mbuzi," alisema. "Nataka mtu aniambie kama sijui kusoma."

Nilimwita Zaina. Alipoona karatasi alishika ukingo wa meza. Tukafungua tangazo kwenye mashine yake, nusu ipo, inaonekana wazi. Tukakimbilia chumba cha Mtaalamu, tukalifungua kwenye mashine ya kuchapishia, tukatoa nakala moja. Nusu haipo. Tukatoa nyingine. Haipo. Tukamwita aje aone.

Alikuja akinyonya vidole. Akatazama skrini, akatazama karatasi, na nilimwona akielewa. Haikumchukua muda, kwa jicho lile. Siku chache kabla ya tangazo alikuwa ameiapdeti mashine ile, apdeti ikafuta fonti ya ofisi, na badala ya kutafuta iliyo kamili alichomeka flashi yake akapachika nakala pungufu ya fonti hiyo, aliyokuwa akichapia kadi za harusi. Kadi za harusi hazihitaji nusu. Mahali pa alama ile fonti yake ilikuwa na uwazi tu. Hayo alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefurahia fumbo lililofumbuka. Kisha akatutazama kwa zamu.

"Niachieni hapa," akasema. "Nendeni mkamwite mkuu, aone mwenyewe."

Tukaenda. Mkuu alikuwa kwenye simu, tukasubiri mlangoni. Tuliporudi naye, Mtaalamu alikuwa amevaa viatu. Alisimama wima, akambonyezea mkuu kitufe cha kuchapa, karatasi ikatoka, na nusu ilikuwepo.

"Mbona naiona?" mkuu akauliza.

"Na mimi naiona, mkuu," Mtaalamu akasema kwa upole. "Mashine haikosei. Inachapa kilichoandikwa. Nadhani binti alisahau, leo ndiyo amesahihisha."

Nikasema siyo kweli. Nikasema nimeona kwa macho yangu karatasi mbili zikitoka na pengo, na yeye amenieleza sababu, kisha akarudisha fonti kamili tulipotoka. Zile karatasi hazikuwa mezani tena. Mkuu aliniambia nipunguze sauti, kuna wananchi. Zaina aliichukua ile karatasi mpya. Alikuwa anaitazama ile nusu, anaigusa kwa kidole, kama mtu anayehakikisha kwamba wino ni wino.

Bibi wa Sindeni alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake.

"Kwa hiyo nilisoma sawa?" akauliza.

Mkuu akasema suala linashughulikiwa. Akaagiza aletewe soda. Mtaalamu akavuta dirisha akalifungua, akasema mzoga unanuka, utolewe.

Nilimsindikiza bibi hadi barabarani, nikamwambia alisoma sawa, kila neno. Akasema nikimwambia yeye peke yake haitoshi, wanaotakiwa kusikia wako Sindeni. Jumamosi iliyofuata mimi na Zaina tukapanda bodaboda tukaenda. Watu waliitwa, wakakaa mbele ya ofisi ya kijiji. Nilifikiri mimi ndiye nitakayeongea. Zaina akanitangulia.

"Mimi ndiye niliyechapa karatasi," aliwaambia. "Bibi amesoma kilichoandikwa. Kosa limetoka ofisini kwetu, halikutoka kwake."

Mzee mmoja akamuuliza kama ni yeye aliyeua mbuzi wao. Zaina akajibu kwamba karatasi ilipita mikononi mwake. Alitukanwa pale, kwa Kizigua na kwa Kiswahili, na alisimama akayasikiliza yote. Kisha bibi akainuka, akamshika mkono, akatupeleka kwake tukanywe uji. Njiani wale majirani walimpisha bibi, na mmoja akamwamkia.

Mkataba wa Zaina ulipokwisha haukuongezwa. Mtaalamu alikuwepo kwenye chai ya kumuaga, akala sana, akatoa na hotuba fupi kuhusu umuhimu wa umakini kazini. Nilitoka nje nikatapika. Nasema nilitapika kweli, nyuma ya choo cha ofisi, na mhudumu aliyeniona alidhani nina mimba.

Zaina alihamia Hale, kwa dada yake ambaye mumewe anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme. Anapika chakula cha wanafunzi sasa, na anapika vizuri. Lakini mtoto wake akiumwa, dawa ya chupa hamnyweshi mpaka mtu mwingine amsomee maelekezo kwa sauti. Na mimi nimewahi kumsomea kwa simu, akinitajia herufi alizoziona, nikimjibu ndiyo, ndivyo. Huyu ni mtu aliyekuwa akichapa bila kutazama vidole.

Mimi nilihamishiwa Korogwe. Mtaalamu alistaafu kwa heshima zote, nasikia alipewa na godoro. Sikumwona tena mpaka mwaka huu.

Nilikuwa nimetoka msibani Bungu, nikapitia Mombo kumwona mgonjwa, na nikahitaji kutoa nakala za kitambulisho kabla ya kupata basi la kurudi. Nikaingia duka la stesheneri karibu na stendi, nikamkuta nyuma ya meza, kichwa cheupe kwa mvi, tumbo limemwangukia mapajani. Alinitambua kabla sijageuka.

Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Shikamoo ilitoka yenyewe, mdomo ulishazoezwa tangu utotoni.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na uso wake ulijaa furaha ya kweli. Akamwambia mteja aliyekuwa pale, mama mwenye duka la pembejeo za kilimo, kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Akafuta kiti kwa kiganja, akanisogezea sahani ya mahindi aliyokuwa akila. Nikasema nimeshiba.

Alinisimulia magonjwa yake, sukari, miguu. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza kama anamkumbuka Zaina.

"Zaina yupi?" akauliza.

"Mchapaji wetu wa Handeni. Wa lile tangazo la dawa ya kupe."

Akatikisa kichwa polepole, midomo ameibinua, kama mtu anayetafuta kwa bidii. "Walipita wengi," akasema. "Umri huu, mwanangu, kichwa kinavuja."

Nikatoa kitambulisho changu, nikakiweka mezani. Yule mama mwenye duka alikuwa na haraka, akaomba aendelee na kazi yake. Alitaka vibandiko vya dawa ya kunyunyizia nyanya, na alikuwa anamtajia maneno. Mtaalamu alichapa kwa vidole viwili, vile vile vinene. Mama akasema, weka robo lita, halafu vijiko viwili na nusu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya meza, naona skrini. Akaandika vijiko viwili, akasita, kisha akaandika na nusu kwa maneno, herufi moja moja.

"Si uweke ile alama, itabana vizuri," mama akasema.

"Hapana," akasema haraka. "Alama ile siiamini. Inaweza isitoke."

Akainua macho, akaona ninamtazama. Sikuondoa macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliacha kutafuna. Mama wa pembejeo alitutazama sote wawili, hakuelewa, akarudi kwenye simu yake.

Nilichukua kitambulisho changu mezani, bila nakala.

"Yuko Hale," nilimwambia. "Kwa dada yake. Ana mtoto."

Alishusha sauti, ile sauti ya upole niliyokuwa naisikia kwa mkuu. "Basi ukimwona," akasema, "mwambie namsalimu."

"Salamu hizo sizibebi," nikamjibu. "Ukitaka zifike, Hale si mbali. Panda basi, mpelekee mwenyewe."

Alifuta vidole kwenye suruali. Punje ya hindi ilikuwa imemganda kwenye kidevu. Kisha akageuka kwenye skrini, akavuta kibodi karibu na tumbo, na akamuuliza yule mama mstari unaofuata unasemaje.